Kuwafundisha Watoto Mpira wa Mikono

Nenda jioni moja kwenye kiwanja cha kijiji chenu ukaangalie. Utaona mpira mmoja na watoto wengi. Vijana wenye nguvu wanacheza mpira wa miguu. Wadogo wamekaa pembeni, wanangoja mpira utoke nje ili waufukuzie. Wasichana wako chini ya mwembe, wanacheza rede. Jua likituwa wote wanarudi nyumbani. Wako waliocheza, na wako ambao hawakuugusa mpira hata mara moja.

Upo mchezo unaoweza kuwakusanya wale wa pembeni na wale wa chini ya mwembe. Ni mpira wa mikono. Hauhitaji kiwanja kikubwa, wala hauhitaji viatu. Mtu mzima mwenye subira anaweza kuufundisha, hata kama yeye mwenyewe hakuucheza utotoni. Katika somo hili tutaona namna ya kuanza na watoto wa miaka 8 mpaka 12.

Mchezo wenyewe

Mpira wa mikono ulianzia Ulaya ya kaskazini. Mwalimu mmoja wa Denmark, jina lake Holger Nielsen, alitoa kitabu cha sheria zake mwaka 1906. Hapo zamani ulichezwa pia na watu 11 kila upande, katika kiwanja cha mpira wa miguu. Ndivyo ulivyochezwa kwenye michezo ya Olimpiki ya Berlin mwaka 1936. Lakini nchi za kaskazini zina baridi kali. Watu wakauingiza mchezo ndani ya majumba, na kwa kuwa nyumba haina nafasi kama uwanja, wachezaji wakapunguzwa wakawa 7. Huo wa watu 7 ndio unaochezwa siku hizi. Wanaume waliucheza katika Olimpiki ya Munich mwaka 1972, na wanawake wakaanza katika Olimpiki ya Montreal mwaka 1976.

Hapa Afrika wanaosifika ni Misri, Tunisia na Algeria kwa upande wa wanaume, na Angola kwa upande wa wanawake. Wamisri walishika nafasi ya 4 katika Olimpiki iliyofanyika Tokyo mwaka 2021. Tanzania mchezo huu umo katika mashindano ya shule za msingi, UMITASHUMTA, na ya shule za sekondari, UMISSETA. Kwa hiyo mtoto anayejifunza kijijini ana mahali pa kwenda.

Kila upande una wachezaji 7. Mmoja ni golikipa. Wachezaji hudaka mpira, hupasiana, hudundisha, kisha hutupa golini. Mbele ya goli pana mstari uliopinda, wa mita 6. Ndani ya mstari huo hukaa golikipa peke yake. Mchezaji mwingine haruhusiwi kukanyaga humo. Hiyo ndiyo sheria inayoupa mchezo sura yake, nasi tutairudia tutakapofika kwenye kuruka.

Kutengeneza kiwanja

Kiwanja cha wakubwa kina urefu wa mita 40 na upana wa mita 20. Kwa watoto wadogo hicho ni kikubwa mno. Watachoka kwa kukimbia kabla hawajajifunza kitu. Pima hatua ndefu 20 kwa urefu na 13 kwa upana. Hatua moja ndefu ya mtu mzima ni karibu mita moja. Hapo waweke watoto 5 kila upande, pamoja na golikipa. Kijiji chenye kiwanja kimoja cha mpira wa miguu kinaweza kupata viwanja vidogo kadhaa ndani yake, na watoto wote wakacheza kwa wakati mmoja.

Goli kamili lina upana wa mita 3 na kimo cha mita 2. Ukiwa umejenga goli hilo, funga kamba kutoka nguzo hii hadi hii kwenye kimo cha mita 1 na sentimita 60. Mpira ukipita juu ya kamba si bao. Siku za mashindano ya wakubwa unaifungua kamba.

Nguzo zichimbiwe chini kabisa, zishindiliwe kwa mawe. Usisimamishe goli la kuegesha. Watoto hupenda kuning'inia kwenye mtambaapanya, na goli lisiloshika ardhi likianguka huweza kumuua mtoto. Kama huna nguvu ya kuchimba, pigilia vijiti viwili ardhini, ufunge kamba. Hilo nalo ni goli.

Mstari wa mita 6 huchorwa kwa kamba. Chukua kamba ya mita 6. Mtu mmoja ashike ncha moja chini kwenye nguzo ya kwanza. Wewe shika ncha nyingine, ivute ikaze, anzia kwenye mstari wa goli pembeni, zunguka huku ukichora mpaka ufike mbele ya nguzo ile. Fanya hivyo hivyo kwa nguzo ya pili. Kisha unganisha alama mbili za mbele kwa mstari ulionyooka. Tia majivu au chokaa. Majivu hupeperuka, basi chimba kijifereji chembamba kwa jembe kwanza, kisha uyamwage humo. Katika kiwanja kidogo, kama mita 6 zinameza nafasi yote, tumia kamba ya mita 5.

Kabla ya kila mchezo watoto wasimame mstari mmoja upande mmoja wa kiwanja, waende pole pole hadi upande wa pili, wakiokota mawe, miiba na vipande vya chupa. Na jambo moja ambalo watu husahau: ama wote wavae viatu, ama wote wawe peku. Mwenye kiatu humvunja vidole vya mguu aliye peku.

Mpira

Mpira wa wanaume una mzunguko wa sentimita 58 hadi 60, na uzito wa gramu 425 hadi 475. Wa watoto una mzunguko wa sentimita 50 hadi 52, na uzito wa gramu 290 hadi 330. Kupima si kazi. Zungusha uzi kwenye tumbo la mpira, kisha upime uzi kwa rula.

Usiidharau tofauti hiyo ya sentimita chache. Nitakuambia nilivyojifunza. Mwaka wa kwanza nilipofundisha nilikuwa na mpira mmoja tu, nao ulikuwa wa wanaume. Niliwapanga watoto mistari miwili, nikawaambia watupiane. Mvulana mkubwa aliutupa kwa nguvu. Msichana wa miaka 9 alinyosha vidole kuuzuia. Ulimpiga kwenye ncha ya kidole cha kati. Asubuhi yake mama yake alikuja naye, kidole kimevimba kama ndizi mbivu.

"Mwalimu," akasema, "huyu ndiye anayenitekea maji. Kwa kidole hiki ndoo ataishikaje?"

Sikuwa na la kumjibu. Nikamwomba radhi, kwa maana kosa lilikuwa langu. Mpira ulikuwa mkubwa, mtupaji alikuwa mkubwa, na mimi sikuwa nimemfundisha mtoto kudaka. Alikaa majuma 3 bila kuja. Watoto wengine 4 nao hawakurudi, ingawa wao hawakuumia.

Tangu hapo naanza na mpira wa matambara. Jaza soksi kuukuu kwa vitambaa na sponji, usokote kamba juu yake ili usifumuke. Huo haudundi, lakini kwa kudaka na kutupa unafaa sana, tena haumtishi mtoto. Kila watoto wawili wawe na mpira wao. Mpira wa dukani mmoja kwa watoto 20 maana yake watoto 19 wanatazama.

Na mtoto akiumia kidole, usikivute. Watu wengi huvuta wakidhani wanakirudisha mahali pake, kumbe wanazidi kukiharibu. Kitie katika maji baridi, ukifunge pamoja na kidole cha jirani, na kama kimepinda au uvimbe haupungui mpeleke zahanati.

Kudaka

Kudaka ndiyo herufi a ya mchezo huu. Mtoto asiyejua kudaka huogopa, na anayeogopa hageuki kutazama mpira. Basi majuma mawili ya kwanza yawe ya kudaka zaidi kuliko jambo jingine lo lote.

Mwambie mtoto anyoshe mikono mbele ya kifua, viwiko vimekunjwa kidogo. Vidole vimetawanyika na kuelekea juu, wala visiuelekee mpira unakotoka. Vidole gumba viwili vinakaribiana nyuma ya mpira, ili usipenye ukampiga usoni. Mpira ukigusa vidole, mikono irudi nyuma pamoja nao hadi kifuani. Mpira ukija chini ya kiuno, mikono hugeuka: vidole vinatazama chini, na vidole vidogo ndivyo vinavyokaribiana.

Maneno haya ni mengi kwa mtoto. Mfano mmoja unatosha. Mwulize, mwenzako akiwa juu ya mwembe anakutupia embe lililoiva, unalidakaje? Kila mtoto anajua. Ukikaza mikono embe linapasuka. Unalipokea huku unashuka nalo. Mtu mzima naye anajua jambo hilo kwa matofali. Mnapojenga nyumba na kurushiana matofali kwa mstari, anayekaza mikono huchubuka mapema, na anayeyapokea kwa kulegea hufanya kazi mpaka jioni.

Waanze wakiwa hatua 3 kutoka kwa mwenzao. Wakidaka mara 10 bila kuangusha, warudi nyuma hatua moja. Wakiangusha, wasogee mbele. Usiwape adhabu ya kukimbia kwa kuangusha. Macho yawe kwenye mpira mpaka uingie mikononi. Unaweza kuandika namba kwa mkaa kwenye mpira wa matambara, mdakaji aitaje kabla haujafika. Watoto wanapenda hivyo, nao bila kujua wanazoea kuutazama mpira.

Kutupa

Hapa utaona jambo la ajabu. Wavulana waliozoea mpira wa miguu mara nyingi hutupa vibaya. Msichana aliyekua akicheza rede hutupa vizuri, tena hukwepa vizuri. Wewe kama ulidhani mchezo huu ni wa wavulana, utashangaa siku ya kwanza.

Mtupo wa msingi unapita juu ya bega. Anayetumia mkono wa kulia huweka mguu wa kushoto mbele. Anageuza kiwiliwili ili bega la kushoto litazame anakotupa. Mkono wenye mpira unakwenda nyuma, kiwiko kiko sawa na bega au juu yake kidogo, wala hakishuki mbavuni. Kisha nguvu inatoka mguuni, inapita kiunoni, inafika begani, na mwisho kifundo cha mkono kinapiga kama mjeledi. Anayetumia mkono wa kushoto hugeuza yote. Usimlazimishe atumie wa kulia. Katika mchezo huu mtu wa mkono wa kushoto anatafutwa, kwa sababu kutoka upande wa kulia wa kiwanja yeye huliona goli vizuri kuliko wenzake.

Kosa kubwa ni kushusha kiwiko. Mtoto anausukuma mpira kama anayesukuma mlango. Ukiona hivyo usipige kelele, "Kiwiko! Kiwiko!" Mwite pembeni, mpe kigunzi cha mahindi, mwambie akirushe mbali awezavyo. Kwa kigunzi kiwiko kitapanda chenyewe, kwani ndivyo alivyozoea kutungua maembe na kuwafukuza ndege shambani. Halafu mpe mpira mara moja, mkono ukiwa bado unakumbuka. Kosa la pili ni kuweka mbele mguu wa upande ule ule wa mkono. Chora alama ya unyayo ardhini, akanyage hapo.

Wakishaweza, wape kitu cha kulenga. Panga makopo juu ya kigogo, au tundika debe kwenye tawi. Sauti ya debe likilia ni sifa tosha kwa mtoto. Wakati wa kutupiana wao kwa wao, sheria iwe moja: usitupe mpaka mwenzako akutazame. Mpira ulengwe kifuani mwake, uwe wa kudakika. Pasi ambayo mwenzako hawezi kuidaka ni kosa la aliyetupa. Wavulana wenye nguvu hawapendi kuambiwa hivyo, lakini waambie.

Kutembea na mpira

Mchezaji akidaka mpira anaruhusiwa hatua 3. Anaruhusiwa kuushika kwa sekunde 3. Akitaka kwenda mbali zaidi ni lazima adundishe kwa mkono mmoja. Akiacha kudundisha na kuushika, anapata tena hatua 3, lakini haruhusiwi kudundisha tena. Hapo ama apasie, ama atupe golini. Tena mpira usiguswe kwa miguu chini ya goti, isipokuwa golikipa akiwa ndani ya eneo lake anauzuia.

Wasichana wa netiboli watasimama tuli kila wakidaka, maana wamefundishwa hivyo. Wavulana wa mpira wa miguu watapiga teke kila mpira ukianguka. Wote wawili wataacha polepole. Kwa kuhesabu hatua, tumia makofi na sauti: mtoto anadaka, wenzake wote wanaimba "moja, mbili, tatu," na kwenye tatu mpira uwe umeshatoka. Kudundisha fundisha baadaye na kwa kiasi. Mtoto akipenda sana kudundisha hatoi pasi, na mchezo unakuwa wa mtu mmoja.

Kuruka na kutupa

Siku ya kufundisha kuruka ndiyo siku watoto wanayoingojea. Nilisema hapana ruhusa kukanyaga ndani ya mstari wa mita 6. Lakini hewa ya juu yake haikukatazwa. Mchezaji anaweza kurukia nje ya mstari, akawa angani juu ya eneo la golikipa, akautupa mpira kabla miguu haijagusa chini. Likiingia ni bao halali.

Anayetupa kwa mkono wa kulia huruka kwa mguu wa kushoto. Hatua zake ni kushoto, kulia, kushoto, juu. Goti la kulia linapanda, mkono unakwenda nyuma, na akifika juu kabisa ndipo anapotupa. Fundisha kwanza bila mpira. Chimba mfereji mdogo, au laza kamba mbili kama mfereji, watoto waruke kwa kuhesabu. Kisha waruke wakiwa wameshika mpira wa matambara bila kuutupa. Mwisho waruke na kutupa. Ukianza na yote matatu pamoja, miguu itajifunga. Mahali pa kuangukia pawe na mchanga au udongo uliolainishwa kwa jembe, na watue huku magoti yamekunjwa.

Golikipa na walinzi

Kazi ya golikipa usimpe mtoto mmoja kwa sababu ni mnene au hajui kukimbia. Wape kwa zamu, na zamu iwe fupi. Katika mazoezi ya mwanzo wanaotupa golini watumie mpira laini tu, na walenge chini. Golikipa asimame hatua moja mbele ya mstari wa goli, mikono imeinuliwa pembeni ya kichwa, naye huzuia kwa mikono, miguu na mwili. Asijaribu kudaka mipira mikali. Kuipangua kunatosha. Kumlenga golikipa kichwani ni mwiko. Kwa sheria za sasa, anayetupa akiwa hazuiwi na mtu, akampiga golikipa kichwani, hutolewa nje kwa dakika 2, na timu yake hubaki pungufu.

Walinzi husimama kati ya adui na goli, mikono juu, wakienda upande upande bila kupishanisha miguu. Kifua kinaweza kumzuia mtu njia. Kushika nguo, kusukuma kwa nyuma na kupiga mkono wa anayetupa ni makosa. Hilo la kupiga mkono likemee siku ile ile ya kwanza, maana ndilo linaloteguza bega.

Mchezo wa kwanza

Baada ya mwezi mmoja hivi watoto watakuchosha kwa kuuliza watacheza lini. Wape mchezo wa dakika 10, mapumziko ya kunywa maji, na dakika nyingine 10. Usipulize filimbi kwa kila kosa. Katika mchezo wa kwanza angalia mambo mawili tu, mstari wa mita 6 na usalama wa wachezaji. Mchezo wa pili ongeza hatua 3. Ukitaka sheria zote siku moja, filimbi yako italia kuliko watoto watakavyocheza. Weka pia sharti kwamba bao halihesabiwi mpaka wachezaji watatu wa timu wameugusa mpira. Hapo yule mdogo aliyekuwa akikaa pembeni ataanza kuitwa jina lake.

Yule msichana wa kidole alirudi juma la nne. Mama yake alimsindikiza mpaka kiwanjani, akaomba aone mpira. Nikampa ule wa matambara. Akauminya, akaupima mkononi, akanirudishia. Kisha akakaa chini ya mwembe kutazama, ndoo tupu iko kando yake.